Ukuta wa Uani kwa Bi Sihaba

Mundhir alipokuja kuielewa nyumba ya shangazi yake, ukuta wenyewe ulikuwa umekwisha kuangushwa. Kabla ya siku hiyo alikuwa na yakini, tena yakini ya mtu aliyesoma, ambayo ni ngumu kuliko zote kuitikisa, kwamba Bi Sihaba ni mwanamke anayeyaogopa macho ya wageni. Alidhani woga huo ungeyeyuka taratibu akipewa muda, kahawa, na picha za miji ya wenzetu iliyojua kuishi kwa ukale wake. Alikosea. Bi Sihaba hakumwogopa mgeni wa aina yoyote, na laiti Mundhir angekaa naye barazani asubuhi moja tu bila ya kompyuta mapajani, angeliona hilo mwenyewe.

Watu wa Dunda, pale Bagamoyo, walimjua Bi Sihaba kwa vitu viwili, udi wake na ulimi wake. Udi aliupika uani kwa jiko la mkaa, akiuchanganya na sukari iliyoyeyushwa, marashi, na vitu vingine ambavyo hakupata kuvitaja kwa sauti. Ilikuwa nadra arusi ya Bagamoyo kupita bila ya moshi wake, na wenye maduka wa Kariakoo walimtuma mtu kuufuata. Ulimi aliutumia barazani. Dereva wa bodaboda akimpigia honi, humwuliza, "Baba, mimi ng'ombe? Unanipigia honi nihamie malisho gani?" Mtalii akisimama kuupiga picha mlango wake wa nakshi, humwita kwa mkono, akamkalisha mkekani, akamtilia kahawa, akamsemesha Kiswahili kitupu mpaka mgeni wa watu akaanza kuitikia "ndiyo, ndiyo" pasipo kujua anakubali nini.

"Nimeshamwoza," huwaambia majirani mgeni akiondoka. "Kakubali mwenyewe, mmesikia."

Nyumba ilikuwa ya ghorofa moja, ya mawe na chokaa, iliyojengwa na babu yake aliyetoka Omani akauza nguo na kununua mbata, zile nazi kavu. Chini palikuwa na ghala, juu vyumba, na nyuma ua wenye kisima na mkomamanga. Bi Sihaba alizaliwa humo. Aliolewa akapelekwa Pangani, akafiwa na mume kabla hawajajaliwa mtoto, akarudi kwa wazazi wake na sanduku lile lile aliloondoka nalo. Aliporudi alimkuta Mundhir, mtoto wa kaka yake Azzan, ametoka tu kufiwa na mama yake. Akambeba. Tangu hapo neno "shangazi" kinywani mwa Mundhir halikuwa na tofauti kubwa na lile jingine ambalo hakupata kulitumia.

Baadaye Mundhir alikwenda Uskoti, katika mji wa Dundee, kusomea mipango miji. Masomo yalipokwisha alipata kazi huko huko, na miaka ikapita kama inavyowapita watu waliokwenda kwa muda. Aliporudi nyumbani, ndevu zilikuwa zimeingia mvi, baba yake na bibi yake walikuwa wamekwisha kuzikwa, na mji aliouacha ukiwa umesinzia ulikuwa umeamka. Barabara ya lami ilikuwa imefika Msata. Kule Makurunge watu walizungumza habari za miwa na sukari. Viwanja vilipimwa mahali ambapo yeye alikuwa akichuma zambarau, na kila mtu aliyekutana naye alikuwa na rafiki anayejenga hoteli.

Nyumba tu ndiyo iliyokuwa ikienda upande wa pili. Masika yalikuwa yameula ukuta wa kaskazini, na vyumba vya juu vilifungwa kwa sababu boriti zilikuwa zimeanza kulia. Mundhir alihangaika mpaka akapata mfuko mmoja wa nje uliokubali kugharimia ukarabati, kwa sharti kwamba sehemu ya nyumba ifunguliwe kwa wageni. Akachora. Akachora tena. Kisha akaja kumwonyesha mwenyewe.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umekuja na hicho kibao chako? Kiweke mbali na sukari yangu, kitaungua."

Walikuwa uani, Bi Sihaba akikoroga chungu cha udi, Mundhir juu ya kigoda kilichomfanya magoti yamfikie kifuani. Alianza mbali, kama alivyopanga. Alimweleza habari za mji aliosoma.

"Unaitwaje tena?"

"Dundee."

"Dandia? Wanadandia nini huko?"

"Dundee, shangazi." Akacheka. "Ulikuwa mji wa magunia. Juti, yaani nyuzi zake, ilitoka Bara Hindi kwa meli, ikasokotwa kule na kufumwa. Mji mzima ulikula kwa gunia."

"Magunia kama yale ya mbata ya babu?"

"Huenda mengine yalitoka huko."

"Basi ni ndugu zetu kwa gunia. Endelea."

Akaendelea. Viwanda vilikufa kimoja kimoja, watu wakabaki na majengo makubwa yenye madirisha yaliyovunjika, na kulikuwa na wakati ambapo kijana wa Dundee aliyetaka maisha aliyatafuta kwingine. Kisha watu wa mji wakaamua kutoyaonea aibu majengo yale. Kiwanda kimoja kikawa makumbusho, vingine nyumba za kuishi. Pale ukingoni mwa maji pakajengwa jumba kubwa la sanaa, na vijana wa mji wakaanza kuunda michezo ya kompyuta inayochezwa dunia nzima. Ukale na upya vikaketi kiti kimoja.

"Na wale wafumaji wamekwenda wapi?" Bi Sihaba aliuliza.

Mundhir akamkumbuka bikizee mmoja aliyemkuta ndani ya makumbusho yale, aliyeajiriwa kiwandani angali msichana. Alikuwa akiwaeleza wageni jinsi walivyozungumza kwa midomo na vidole, kwa sababu kelele za mashine ziliwazuia kusikiana. Alisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, kana kwamba mashine bado zinanguruma.

"Kwa hiyo wamemfanya na yeye makumbusho?"

"Anapenda mwenyewe, shangazi. Anakwenda kwa hiari yake."

"Kama anapenda, alhamdulillahi," akasema Bi Sihaba, na akaonja sukari kwa ncha ya mwiko.

Hapo Mundhir akamgeuzia kompyuta. Ghala lingekuwa mahali pa kahawa. Vyumba vya juu vingelaza wageni. Bi Sihaba angebaki na chumba chake na jiko lake, na paa lisingemvujia tena. Alitazama yote akitikisa kichwa kwa kuridhika, akauliza kama choo cha juu kitanuka. Mwishowe Mundhir akafikia sehemu aliyoipenda kuliko zote. Kati ya ukumbi na ua kulikuwa na ukuta mfupi, mpana kidogo kuliko mlango, uliomlazimu mtu kuuzunguka ili atoke uani. Mundhir alipokuwa mdogo haukuwapo. Alikumbuka vizuri kwamba akitoka chuo cha Kurani, akiwa angali barabarani, alikuwa akiona kupitia mlango mkubwa mpaka kule mwisho: ukumbi wenye giza, halafu mwanga, kisima, na mkomamanga. Wataalamu wa mambo ya kale walioikagua nyumba walisema ukuta ule umeongezwa juzijuzi kwa saruji, na kwamba ukiondolewa nyumba itarudia sura yake ya asili.

Akagusa mstari kwenye kioo. "Huu ukuta hapa, shangazi, kwani una kazi gani? Tukiuondoa si patapendeza?"

Bi Sihaba aliacha kukoroga. Aliutazama ule mstari, kisha akamtazama yeye, kwa macho yale aliyokuwa akimtazama nayo zamani alipomkuta amevaa viatu juu ya mswala.

"Haya," akasema.

Mundhir aliinama akambusu mkono. "Ahsante, shangazi. Nilijua utanielewa."

"Na mimi nilijua utaelewa," akajibu, akaendelea na chungu chake.

Walipotengana kila mmoja alikuwa ameridhika na mwenzake.

Wiki ile ile Bi Sihaba akaitwa Mkange, ambako wifi yake alikuwa mgonjwa. Aliaga akisema waanze na paa, lisije likamwangukia mtu. Fundi Mwinyijuma, mwashi aliyekuwa akifahamiana na nyumba ile tangu ujana wake, akaanza na paa. Lilipokuwa limetulia akashuka chini, akasimama mbele ya ukuta wa uani na nyundo begani.

"Na huu?"

"Na huo."

"Mwenyewe kakubali?"

"Amesema haya."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake, fundi. Nilikuwepo."

Mwinyijuma alishusha pumzi kama mtu aliyetarajia ubishi akaukosa. Ukuta haukuchukua muda. Vumbi lilipotua, Mundhir alitoka nje, akavuka barabara, akageuka. Palikuwa vile vile. Giza, mwanga, kisima, mkomamanga. Mtu mzima yule alilengwalengwa na machozi mbele ya muuza mihogo, akasingizia vumbi.

Wanawake wa mtaa, hata hivyo, hawakuwa wakiingilia mlango wa mbele. Walikuwa na mlango wao mdogo wa nyuma, na kila alasiri, Bi Sihaba awepo asiwepo, waliingia kwa huo, wakavua mabuibui, wakajinyoosha mikekani. Huko ndiko walikosukana, wakatwanga, wakalia, wakawateta waume zao kwa majina. Siku ile aliyetangulia alikuwa Bi Swaumu, jirani wa ukuta kwa ukuta, rafiki wa Bi Sihaba wa tangu utoto. Kazi ilikuwa imesimama kwa chakula, kumetulia. Bi Swaumu hakutazama upande wa ukumbi, kwa kuwa hakuwa na sababu ya kuutazama. Alikaa chini, akafumua nywele nusu kichwa, akanyoosha miguu, akaanza kuimba.

"Bi Swaumu!" sauti ya mwanamume ikamjia kutoka barabarani. "Leo umependeza! Hizo za upande huu utazisuka lini?"

Alikuwa dereva wa bodaboda. Bi Swaumu alipiga ukelele uliowaamsha kunguru, akanyakua ungo, akauweka kichwani, akakimbia akiwa amesahau kiatu kimoja. Na wakati huo huo bajaji ilisimama mlangoni, Bi Sihaba akateremka kutoka Mkange na kikapu cha maembe.

Alimwona mwendesha bodaboda anavyocheka. Akageuza shingo kufuata macho yake, akapita ukumbini kwa macho mpaka kisimani. Kikapu akakiweka chini polepole.

"Nani kabomoa?"

"Shangazi, karibu. Pole na safari. Wifi hajambo?"

"Nimeuliza nani kabomoa."

"Sisi, shangazi. Kama tulivyokubaliana."

"Tulikubaliana wapi?"

"Si ulisema haya!"

"Nilisema haya!"

"Ndiyo, ulisema haya."

"Si ndivyo ninavyokwambia! Uliniuliza ukuta una kazi gani, nikakujibu. Haya! Hiyo ndiyo kazi yake. Watoto wa watu wako uchi wa kichwa kule ndani, ukuta ungekuwa na kazi gani nyingine, kuzuia mbuzi?"

Maswali yake mawili yalimrudia Mundhir, yale aliyoyatoa kwa pumzi moja, na lile jibu moja likayumba katikati yake, likatua juu ya lile la kwanza, mahali pake. Alijifunza lugha za watu ili aweze kusoma mambo ya miji. Lugha ya nyumbani kwao ilikuwa imemponyoka kwenye neno ambalo mtoto wa chuoni analijua pande zote mbili.

"Lahaula," akasema fundi Mwinyijuma, akiitua nyundo kwa adabu. "Mimi ngoja nikanywe maji."

Bi Sihaba hakuendelea. Hilo ndilo lililomtisha Mundhir. Ulimi ule uliomtania kila mpita njia haukumtupia neno jingine. Alichukua kikapu chake, akaingia chumbani, akaurudisha mlango bila kuubamiza.

Siku zilizofuata uani kulipendeza na kulikuwa kutupu. Mjumbe wa ule mfuko alifika kutoka Dar es Salaam, mama mmoja mpole, akasimama mlangoni na kusema kwamba hajapata kuona mandhari safi kama ile, akapiga picha. Ndani ya picha kulikuwa na kisima na mkomamanga, basi. Mlango mdogo wa nyuma haukufunguliwa tena. Bi Sihaba alihamishia jiko lake chumbani, akawa anapikia udi humo huku akikohoa. Adila, binti wa Bi Swaumu, alikuwa aolewe, naye alikuwa ameahidiwa tangu utoto kwamba atasingwa kwa liwa na manukato pale uani kama walivyosingwa dada zake. Sasa wanawake walikuwa wakipima kwa macho chumba cha kupanga cha shangazi yake Adila, wakijiuliza watakaa wangapi.

Mundhir alijaribu kuomba radhi. Alijibiwa kwa upole ambao ungefaa mgeni.

"Hapana neno, baba. Nyumba itakuwa nzuri. Mkimaliza, mimi nitakwenda Mkange kwa wifi, yule peke yake hawezi."

"Utakaa muda gani?"

"Nitakaa."

Hapo akaelewa kinachotaka kumtoka. Aliiokoa nyumba ili shangazi yake afie ndani yake kwa amani, si kabla ya miaka mingi. Na sasa nyumba ingebaki, imesimama wima, imepakwa chokaa, na yeye angekuwa akiwaonyesha wageni chumba alichokuwa akilala mwanamke aliyehama. Alimkumbuka yule bikizee wa Dundee na sauti yake kubwa. Je, kama na watu wa kule wangeziacha mashine tu, bila ya yeye? Alijitetea moyoni kwamba ukuta si wa kale, wataalamu wamesema, michoro inaonyesha. Yote hayo yalikuwa kweli, na hayakumsaidia kitu.

Asubuhi moja alibisha hodi chumbani mwa shangazi yake. Moshi wa udi ulimkaribisha kabla ya mwenyewe.

"Shangazi, naomba nikuulize tena yale maswali yangu. Safari hii moja moja."

Bi Sihaba alimtazama kupitia moshi. "Uliza."

"Ule ukuta ulikuwa na kazi gani?"

"Haya."

"Nimesikia." Akachutama kando ya jiko. "Tuujenge tena?"

Bi Sihaba aliendelea kukoroga. Pembe ya mdomo wake ikaanza kucheza, kwanza kidogo, kisha ikamshinda.

"Haya," akasema. "Hii sasa ndiyo ile yako."

Wakacheka mpaka Bi Sihaba akashikwa na kikohozi, na Mundhir akambebea jiko lile kulirudisha uani, likiwa bado na moto, akiunguza vidole na kukatazwa kulalamika.

Ukuta haukurudi bure. Yule mama mpole aliandika kwamba wakubwa wake wamesikitika, na fungu la vyumba vya juu likaondolewa. Mpaka leo vyumba hivyo havijakamilika. Boriti zimebadilishwa, madirisha bado. Lakini ukuta wa kaskazini umesimama na paa halivuji. Ghala limekuwa mahali pa kahawa, na Bi Sihaba hukaa humo asubuhi akiuza udi na kuwaoza watalii. Fundi Mwinyijuma aliujenga ukuta wa uani kwa mawe na chokaa safari hii, akasema kama ni kuongeza, basi tuongeze kitu kitakachodumu. Adila alisingwa nyuma ya ukuta huo. Siku hiyo wageni waliokuwa wakinywa kahawa walisikia vigelegele, wakanusa asumini, wakamwuliza Mundhir kuna nini upande ule.

"Watu," akawajibu.

Bi Swaumu ndiye aliyemwambia lililobaki, wiki chache baada ya arusi, wakiwa wamekaa barazani, na Bi Sihaba amekwenda Mkange kumwona wifi, kwenda na kurudi. Alidhani Mundhir anajua. Ukuta ule wa kwanza, wa saruji, aliujengesha Bi Sihaba mwaka ambao bibi yake Mundhir alianza kupotewa na akili. Yule bibi, ambaye mtaa mzima haukupata kuuona hata unywele wake, alikuwa akivua nguo mchana kwa joto, akakaa kisimani, akawaita waliokufa. Wapita njia waliona. Bi Sihaba hakutaka kumfungia chumbani, kwa sababu mama yake aliupenda mwanga, kwa hiyo akaita fundi. Kisha wanawake wa mtaa wakaanza kuja kwa mlango wa nyuma, kwa zamu, kumwogesha, kumsuka na kumwimbia, wakivua mabuibui yao ili asijione yuko tofauti. Alipokufa, wao hawakuacha kuja.

Mundhir hakumwuliza shangazi yake kwa nini alificha, wala hakumwambia kwamba amejua. Lakini alihesabu nyuma, akaona kwamba ni miaka ile ile ambayo yeye, kila Ijumaa, alikuwa akipiga simu kutoka Dundee na kumwulizia bibi. Kila Ijumaa Bi Sihaba alimjibu maneno yale yale: "Yuko uani, baba, amekaa na wenzake." Na kila Ijumaa ilikuwa kweli.